Nimetoka Uingereza kuja kunusa sikio la mbwa

Kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani Nakuru kulinimalizia siku nzima, maana malori yalikuwa yamejipanga kuanzia Kinungi. Nilipofika Mama alikuwa ameshachinja kuku, mashangazi wawili wamekaa barazani na leso zao mpya, chai iko kwenye chupa. Nami badala ya kuwakumbatia watu nikainama kwa mbwa.

Alinipokea getini kichwa kimelala upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akajikuna, akatikisa kichwa, masikio yakapiga pap-pap-pap. Nikainua la kushoto, nikaweka pua. Harufu ya uji uliochacha siku nne.

"Kumbe huko Uingereza mnafunzwa kunusa mbwa?" shangazi akauliza.

Nikamwambia ndiyo, auntie, ni sehemu ya kazi. Akacheka sana. Sikuwa natania.

Mwaka huu ni wa sita tangu niende kutunza wazee majumbani, katika mji mdogo karibu na Leicester. Mteja wangu wa asubuhi ni mzee aliyekuwa mwalimu wa hesabu, vidole vimekunjwa na baridi yabisi hadi kufungua kifuniko cha chupa ni vita. Kwenye daftari la kazi nimeandikiwa chai, dawa, kuoga na soksi. Mbwa hakuandikwa. Lakini mzee ana jike la cocker spaniel, aina ya mbwa wenye masikio marefu yanayoning'inia, la rangi ya asali, na kila Ijumaa lazima masikio yake yaoshwe. Wiki yangu ya pili akaniomba nimshikie chupa tu. Nikasita. Nilikulia nyumba ambayo mbwa anajua mwisho wake ni mlango wa jikoni, na kumgusa kichwani ni mpaka uwe unamfungulia usiku alinde boma. Sasa nimepanda ndege, nimeacha watoto kwa Mama, nije kusugua sikio la mbwa? Mwezi mzima sikumwambia mtu nyumbani.

Kilichonibadilisha ni habari za mbwa aliyemtangulia huyu. Naye alikuwa cocker. Alianza kwa kujikuna, wakadhani ni viroboto. Wakapaka dawa, akapoa, likarudi, wakapaka, likarudi. Baada ya miaka ya namna hiyo njia ya sikio ilikuwa imevimba ndani na kukakamaa, nyama imekuwa ngumu kama mfupa, hakuna tone la dawa linaloweza kupita. Madaktari wakaiondoa njia yote ya sikio, wakashona. Maumivu yakaisha na usikivu wa upande ule ukaenda nao. Nikamwambia mzee kwetu tuna msemo, sikio la kufa halisikii dawa, nikamtafsiria neno kwa neno. Akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Ameibandika kwenye friji.

Siku hiyo akanichorea sikio nyuma ya bili ya stima. Sikio letu sisi ni kijishimo kifupi kinachokwenda karibu moja kwa moja. La mbwa linashuka kwanza kuelekea chini ya taya, halafu linakata kona na kuingia ndani, kama herufi L, na kiwambo, ile ngozi nyembamba ya kusikilizia, kiko mwisho wa hiyo kona. Unachokiona ukiinua sikio ni mlango tu. Kwa cocker juu ya mlango huo kuna pazia zito lenye manyoya, ndani manyoya mengine, na tezi za nta ni nyingi kuliko za mbwa wengi. Joto, giza, unyevu, mafuta. Ukitaka kuchachusha kitu huwezi kutengeneza mtungi mzuri kuliko huo. Aliyewazalisha hawa mbwa alitaka wamsaidie kufukuza ndege vichakani, hakufikiria sana habari za masikio.

Turudi Nakuru. Mbwa wetu, naye cocker, anaitwa Simba. Usicheke. Kakangu mdogo alimpata kwa familia moja ya Milimani iliyokuwa inahama, akampa jina kabla ya kumtazama vizuri. Simba huyu anaogopa jogoo. Jioni ile nikamketisha kakangu nimhoji, na kama mtu anayeungama akanitolea yote.

Kwanza, kila Jumapili anamwosha kwa mpira uleule wa kuoshea gari, akianzia kichwani. Maji yanaingia, pazia linafunga, hakuna anayekausha. Pili, akiona uchafu anachokora na kijiti cha pamba. Anachotoa ni kile cha mlangoni, kilichobaki anakisukuma mpaka kwenye kona. Tatu, harufu ilipozidi akampulizia manukato yake mwenyewe. Mama aliyekuwa akipita na sufuria akasema la kuvunda halina ubani, akaendelea na safari yake.

La nne ndilo lililoniuma. Alikwenda kwenye agroveti moja mjini, akaeleza, na muuzaji bila hata kuuliza mbwa ana umri gani akampa bomba la dawa ya ugonjwa wa kiwele, ile inayosukumwa kwenye chuchu ya ng'ombe. "Weka nusu huku, nusu huku." Sisi watu wa ng'ombe tuna imani kubwa na hilo bomba, nimeona likipakwa hadi kwenye kidonda cha punda. Lakini ni dawa ya kuua bakteria, na kinachonuka kama uji uliochacha mara nyingi ni fangasi wa jamii ya hamira, anaitwa Malassezia, ambaye hajali dawa hiyo hata kidogo. Ukimuulia majirani zake bakteria umempa ploti yote ajenge. Tena mafuta ya ile dawa yanabaki mle ndani yakiganda na nta. Na hakuna aliyejua kama kiwambo kilikuwa kizima. Kikiwa kimetoboka, dawa ambayo ingekuwa salama inashuka hadi ndani ya sikio, na mbwa anaweza kupoteza kusikia au kuanza kuzunguka kama mlevi.

Hiyo ndiyo sababu sikumwosha usiku ule, ingawa nilikuwa na chupa ya dawa ya kuoshea kwenye sanduku, nimeipakia kati ya chokoleti na viatu vya watoto. Sikio lisilo na shida unaliosha nyumbani. Likishanuka na kuuma, macho ya daktari yatangulie.

Kesho yake tukampandisha Simba nyuma ya probox, Mama mbele na mkoba wake wa kanisani, kwa daktari wa mifugo. Nilikuwa na wasiwasi, maana siku nyingi foleni yao ni ya ndama na kuku. Huyu alinishangaza. Akachukua kile kitochi chenye mdomo mwembamba, akavuta sikio juu na nje ili ile kona inyooke, akachungulia taratibu. Kiwambo kizima, nikapumua. Kisha akachota uchafu kidogo, akaupaka kwenye kioo, akautia rangi na kuuweka chini ya hadubini. Akamwita Mama aangalie. Mama akaona vitu vyenye umbo la njugu, vingi, rangi ya zambarau. "Hawa wote wako kwenye kichwa cha mbwa wangu?" Tangu jana alikuwa mbwa wa kakangu. Pale ndipo alipokuwa wake.

Kwenye sikio la kulia daktari akakuta kingine kabisa, kupe mnene amejishikiza mlangoni, na kipande cha kishonanguo kimenasa kwenye manyoya kikielekea ndani. Uingereza mzee huogopa mbegu za nyasi wakati wa kiangazi, zile zenye ncha kama mshale zinazokwenda mbele tu bila kurudi. Nakuru tuna zetu, na kupe juu yake, na vumbi. Watu husema hata jina la mji ni la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na anayeishi kule mtaa wa Kiamunyi mwezi wa Februari hana ubishi. Kwa hiyo hapa sikio la cocker linaangaliwa kila akirudi kutoka kwenye nyasi, dakika moja tu, unapitisha vidole.

Simba akaandikiwa dawa ya matone ya wiki mbili, arudi apimwe tena kwenye kioo kabla ya kusema amepona. Daktari akasisitiza hilo. Watu wengi huacha dawa siku ya nne mbwa akiacha kujikuna, na wale wachache waliobaki kwenye kona wanazaana upya.

Jumamosi iliyofuata nikamfundisha Mama. Nilitaka kumfundisha kakangu lakini alipata dharura, kama kawaida yake siku ya kazi. Tulikaa uani juu ya gunia, Simba kati ya magoti ya Mama, mgongo wake kwenye tumbo lake ili asirudi nyuma. Chupa nilikuwa nimeisimamisha kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, maana ukimtilia dawa baridi sikioni leo, wiki ijayo utamtafuta chini ya gari. Unainua pazia, unajaza njia ya sikio hadi unaona maji mlangoni. Usiwe bahili, matone mawili hayafiki kwenye kona. Na mdomo wa chupa usiguse ndani, utahamisha wadudu kutoka sikio moja hadi jingine. Halafu unashika chini ya sikio, pale unapohisi kama mrija mgumu, unakanda nusu dakika. Ukikanda vizuri utasikia chwa, chwa, chwa, kama mtu anayetembea na gambuti zilizojaa maji. Mama akasikia. Akakanda mpaka Simba akaanza kunguruma kwa raha na kumlalia mkononi.

Kisha unaachia na kurudi nyuma haraka. Nilisahau kumwambia hilo. Simba akatikisa kichwa na ile leso ya Mama, ile ya maua mekundu, ikapata chote kilichokuwa kwenye kona. Hiyo ndiyo faida ya kutikisa, uchafu wa ndani unapanda juu wenyewe. Nikamnunulia leso nyingine.

Mwisho pamba au kitambaa laini kwenye kidole, unafuta pale kidole kinapofika na si zaidi. Kidole chako hakiwezi kufika kwenye kiwambo. Kijiti kinaweza. Siku za matone unasubiri pakauke kwanza ndipo unaweka dawa. Akishapona, mara moja kwa wiki au kila wiki mbili inamtosha, na baada ya kuoga. Ukiosha kila siku unaichubua ngozi na kuanzisha upya ulichokuwa unakikimbia. Spiriti hapana, inachoma. Siki ambayo jirani alipendekeza juu ya ua, kwenye sikio lenye vidonda hapana vilevile.

Manyoya ya chini ya pazia nilimpunguza kwa mkasi butu ili hewa ipite. Na chakula nacho. Simba alikuwa akila kwenye karai, masikio yote mawili yanaogelea kwenye ugali wa omena, yanatoka mazito yanakaukia hapo. Uingereza wana bakuli maalumu jembamba juu. Sisi tulichukua mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, pua inaingia, masikio yanabaki nje. Akila mfupa, Mama anamvika mkono wa sweta ya shule ya mtoto wangu, umekatwa, unapita kichwani na kubana masikio nyuma. Anafanana na bibi anayekwenda sokoni asubuhi ya baridi. Majirani walikuja kumwona.

Jambo moja hatujalimaliza. Daktari alisema cocker ambaye masikio yanamrudia kila mara huenda ana mzio, wa vumbi na chavua au wa chakula, na masikio ndiyo yanayosema kwanza. Njia ya kujua kuhusu chakula ni kumpa nyama ambayo hajawahi kula, hiyo tu, karibu wiki 8, uone. Simba ameshakula ng'ombe na kuku, kwa hiyo nikapendekeza mbuzi. Mama alinitazama muda mrefu. "Nimchemshie mbwa mbuzi wiki nane. Wewe nilikulea na sukuma." Nikaliweka kando. Likirudi tutazungumza.

Sasa niko huku tena, mvua ni ileile. Kila Jumamosi saa nne za Kenya simu inalia na kwenye grupu la familia, kati ya picha za harusi na michango ya mazishi, inatua picha ya vipande viwili vya pamba vilivyotumika, vimewekwa kwenye sahani, kimoja kushoto kimoja kulia. Shangazi amelalamika mara mbili. Mama haachi.

Ijumaa iliyopita nilipomaliza la huyu wa rangi ya asali nikamwonyesha mzee picha ya wiki ile. Akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na dirisha, akaangalia kama alivyokuwa akisahihisha mitihani. La kulia safi, akasema. La kushoto rangi yake imezidi kidogo, mwambie mama yako alinuse tena Jumatano.