Kanda ya Tatu

Bibi yangu alirekodiwa mwaka 1988. Mjomba aliweka redio kaseti mkekani, akabonyeza, na bibi akaanza: “Paukwa!” Ukisikiliza vizuri utatusikia wajukuu tukiitikia, na mmoja wa wale wanaopiga kelele ni mimi. Kanda zilikuwa nne, za dakika 90 kila moja. Mwaka 2015 nilikuwa nikizihamishia kwenye kompyuta, nyumbani Tanga, kabla ukungu haujazimaliza.

Kompyuta ilikuwa ya mtumba, yenye Ubuntu 14.04, mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Linux, na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2. Upande mmoja wa kanda hutoa faili la karibu MB 480, na kila nilipolikata kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, mashine ilielemewa. Jumamosi moja nikanunua kipande cha RAM cha GB 4, nacho cha mtumba, nikakichomeka kando ya kile cha zamani. Siku hiyo hiyo nikasasisha mfumo, keneli mpya, yaani kiini cha mfumo, ikiwemo. Hapo ndipo nilipokosea: mambo mawili kwa siku moja, na baadaye sikujua nimshike yupi.

Jumapili mashine ilikuwa imechangamka, nikarekodi kanda ya tatu pande zote mbili kwenye faili moja. Nilipokuwa nairudisha nyuma, redio ikaila. Mkanda ulijisokota ndani ukakatika vipande.

Jumatatu kompyuta ikaanza kuanguka. Mara Firefox inajifunga, mara Audacity, mara skrini inaganda na taa ya Caps Lock inapepesa, yaani keneli yenyewe imeshindwa. Nikailaumu keneli mpya. Nikawasha kwa ile ya zamani kupitia GRUB, menyu ya kuchagua mfumo mashine inapowaka. Ikaanguka vile vile. Nikapuliza vumbi, nikashuku pawa saplai. Kwenye kern.log, faili ambamo keneli huandika matukio yake, kila mara programu iliyoanguka ilikuwa nyingine. Hilo peke yake lingenitosha kuishuku RAM, ambayo programu zote huitumia, lakini RAM nilikuwa nimetoka kuilipia, sikutaka iwe yenyewe.

Kilichonifumbua macho ni kunakili. Nilipeleka faili la kanda ya tatu kwenye diski ya nje, nikayapima yote mawili kwa md5sum, amri inayokokotoa alama ya herufi na tarakimu 32 kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Nakala sahihi hutoa alama ile ile; hizi hazikufanana. Nikanakili upya. Ikatoka alama nyingine kabisa. Mwili ulinisisimka. Kuanguka nilishakuzoea, sikuwa nimewaza kwamba hata ikiwa imesimama, mashine inaandika uongo. Na faili lile ndilo pekee lililobaki la kanda ile.

Usiku huo nikaiacha memtest86+, programu ya kukagua RAM, ikipima. Alfajiri skrini ilijaa mistari myekundu, yaani makosa. Nikachomoa waya wa umeme, nikapima kipande kimoja kimoja. Cha zamani kilikuwa safi katika tundu zote mbili za mazabodi. Kipya kilileta wekundu popote nilipokiweka. Nikasugua miguu yake kwa raba, dawa ya mafundi wengi. Haikusaidia. Linux inakuruhusu kuiambia keneli iziruke anwani mbovu, yaani sehemu za RAM zilizoharibika, na kwa kompyuta ya kuangalia sinema ningefanya hivyo. Kwa sauti ya bibi, hapana. Muuzaji alikibadilisha nilipomwonyesha picha ya ile skrini, na kile kingine kikamaliza usiku mzima bila mstari hata mmoja.

Mjomba akapiga simu.

“Mjomba, kanda zimefikia wapi?”

“Shikamoo, mjomba. Ya tatu nina wasiwasi nayo.”

Akanyamaza kidogo. “Hiyo ndiyo aliyoimba.”

Nikavaa hedifoni, nikasikiliza dakika 90 zote. Biti, ile 0 au 1 ya kompyuta, ikipinduka ndani ya sauti huweza kusikika kama mlio mkavu, mfupi, kama kijiti kinavunjika. Nilikuta minne. Mitatu ilikuwa kwenye kimya baina ya ngano, nikaiziba kwa Audacity. Wa nne uko katikati ya wimbo. Kuuziba ni kukisia sauti yake ilikuwaje pale, na mimi sikuwa tayari kukisia. Nikauacha.

Alama ya faili hilo nimeiandika kwa kalamu ya wino kwenye kasha tupu la kaseti, zote 32. Kila ninapolihamishia diski mpya, nalitoa kasha kabatini, nakaa chini, nalinganisha moja baada ya nyingine.