Afande aliyekwamisha meli

Wiki hii yote kichwani mwangu kuna Chester Nimitz tu, yule admirali wa Marekani aliyeongoza vita ya Pasifiki. Mtu mwenyewe kazaliwa 1885 Fredericksburg, Texas, bara kabisa, na kiukweli alitaka jeshi la nchi kavu, akaambiwa nafasi zimejaa ndo akaangukia chuo cha wanamaji. Baba alifariki hata yeye hajazaliwa, kwa hiyo babu, baharia wa zamani, ndo alikuwa kama baba kwake.

Kisa cha 1908 ndo kimeniganda. Ana miaka 23, keshapewa manowari yake, Decatur, kule Ufilipino, anaingia nayo ghuba ya Batangas usiku, mahali alipo anakisia tu, maji kupwa au kujaa hajaangalia, meli ikapanda tope ikanasa. Rudi nyuma, wapi! Mwenyewe alisimulia kwamba alikumbuka maneno ya babu yake, lililo nje ya uwezo wako usiliumizie kichwa, basi akatandika kitanda cha turubai palepale juu ya sitaha akalala zake. Kesho yake ikapita meli ndogo ikawavuta. Mahakama ya kijeshi ikamkuta na hatia ya uzembe, akala karipio, yakaisha. Kazi hakufukuzwa.

Akahamia nyambizi, injini za dizeli akazijua mpaka 1913 wakampeleka Ujerumani kuzisomea, na mojawapo ilikuja kumla kidole, glavu ilinaswa kwenye gia, pete ya chuo ndo ikazuia mkono usiende wote.

Sasa Desemba 1941. Pearl Harbor, bandari ya wanamaji wa Marekani kule Hawaii, imepigwa na Japani, mkubwa wa pale, Kimmel, kaondolewa, Nimitz anafika siku ya Krismasi bandari bado inanuka mafuta. Maafisa wa Kimmel wanajua virago vyao viko mlangoni, yeye akawaambia nawaamini, bakini. Hata Edwin Layton wa intelijensia, ambaye ungedhani ndo wa kwanza kutupiwa lawama, kabaki. Miezi kama sita mbele Layton huyohuyo akamtajia zile meli za Japani za kubeba ndege zitaonekana wapi karibu na Midway, kisiwa cha Pasifiki, na saa ngapi, zikaonekana kweli, kakosea maili 5 tu za umbali, nyuzi 5 za uelekeo na dakika 5 za saa! Japani ikapoteza meli 4 za kubeba ndege kwenye vita ile.

Mimi niliwahi kuletewa bosi mpya, wiki ya kwanza tu kafagia watu, mpaka mzee wa stoo aliyekuwa anajua kila spea iko rafu gani, tukawa tunaagiza vitu ambavyo vimo humohumo ndani. Kama Nimitz alimkumbuka yule kijana wa Batangas wakati anawabakiza wale watu sijui, ila mimi naamini alimkumbuka. Mzee wetu kafungua duka la spea, na ofisi siku hizi inanunua kwake.