Lambo la kijiji huua kwenye kingo

Kwa kuwa Dodoma ni nchi kavu, wengi hudhani kuzama ni habari ya Ukerewe na Mafia. Lakini mtoto wa visiwani huzoea maji tangu akitambaa. Wa kwetu hukutana na maji ya kina baada ya mvua za Desemba hadi Aprili, tena kwenye lambo lililochimbwa na katapila.

Katapila huacha kingo zilizosimama wima, na mfinyanzi ukilowa huteleza kama sabuni. Mtoto anainama kuchota, mguu unateleza, kina kimeshamzidi. Akishika kingo, udongo unamporomokea mikononi. Maji yenyewe ni tope, hata anayemtafuta hamwoni.

Basi kamati ya kijiji idai mapema, katapila lingali pale: upande wa kushukia ulazwe, kila mita moja ya kina iwe na mita tatu za mlalo, kisha utandazwe mawe. Pande nyingine zizungushiwe miiba au minyaa. Maji ya mifugo yavutwe kwa bomba hadi kwenye birika nje ya uzio, maana ng'ombe wakiingia lamboni, mchungaji wa miaka tisa atawafuata. Bango la "Hatari" peke yake ni kujifariji.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza maji tu. Usimrukie, atakung'ang'ania mzame wote. Pawepo kidumu kitupu cha lita 20, kifuniko kimekazwa, kimefungwa kamba ya mita 15: mrushie, akikumbatie, mvute. (Chagua kinachonuka mafuta ya taa, hakitaibwa.)

Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Atatapika, na matapishi yataingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 ukitazama kifua kikiinuka. Bado kimya? Kandamiza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo bila kuacha huku mwingine akitafuta usafiri. Akizinduka, apelekwe zahanati hata kama anaomba uji, kwani mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kumbana saa kadhaa baadaye.