Bibi wa kujazia

Juzi usiku binti yangu kakaa pale mezani na fomu ya mkopo wa vijana, ananiuliza hata hajainua macho, "Mama, wanataka watu watano, sisi wa ukweli tupo watatu, si nitafute wawili wa kujazia tu?" Mikono yangu ikasimama kwenye unga. Kujazia. Hilo neno sijalisikia toka 2020.

Kipindi kile tuliambiwa watu kumi. Ndo mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, haina riba, na mimi nilikua nyumbani sina kazi toka watalii walipokata kwa korona. Tukasema tutakaanga krispi za ndizi. Wa ukweli tulikua saba. Watatu tukawaokota hapa hapa Pasua, Moshi, wa mwisho bibi mmoja aliyekua anauza mchicha Mbuyuni, tukamwambia bibi wewe weka jina tu, mengine tuachie.

Siku ya kusaini bibi alikuja na kanga mpya na kitambulisho cha mpiga kura kakifunga kwenye nailoni. Sisi tulisaini chapchap huku tunapiga stori. Zamu yake ilipofika akamuomba afisa maendeleo amsomee karatasi. Yote. Tukaguna, jua kali, wengine wameacha watoto, ila yule dada akasoma, mpaka pale panaposema mmoja akishindwa wenzake wanalipa. "Hapo rudia, mwanangu." Akarudia. Bibi akageuka akatuangalia mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayehesabu vifaranga jioni, akauliza, "Na hawa wote wanajuana makwao?" Hakuna aliyejibu. Mimi niliangalia chini. Basi akachovya dole gumba kwenye wino wa zambarau, akalikandamiza pale kwenye jina lake, akaipulizia karatasi mpaka ikakauka, akaondoka na wino wake kidoleni kurudi sokoni.

Hela zilipoingia tukanunua makarai na mashine ya kufungia pakiti, miezi ya mwanzo tuliuza vizuri sana, alafu 2021 mafuta ya kula yakapanda, wawili wakahamia Arusha na simu zao hazipatikani tena, na hao walikua wa ukweli, nilikua naimba nao kwaya. Tuliobaki tukaanza kukwepana njiani. Bibi hakukwepa. Kila mwezi alileta noti za elfu elfu zina unyevu wa mchicha, mpaka deni likaisha, kalipa 180,000 ya watu asiowajua na krispi zenyewe hakuwahi kukaanga hata moja. Nikamuahidi nitamrudishia. Mpaka leo nimerudisha 60,000.

Mkopo siulaumu, ulinisimamisha, karai moja ndo bado linanilisha. Ile mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024, siku hizi wanataka watano badala ya kumi, ila bado tunatafuta majina kwanza, watu baadae, na hilo linaniuma kwa sababu nimelifanya.

Binti bado anasubiri nimjibu. Nimemwambia Jumamosi tunapanda wote Kibosho, bibi siku hizi anakaa kwa mwanae huko, nina 40,000 ya kumpelekea. Fomu aibebe. Atamsomea bibi, yote.