Vile nilimaliza shida ya indiketa iliyokuwa inawaka mbio

Noah yangu nabeba nayo watu Malaba na Tororo, na kama mwezi hivi umepita indiketa ya kushoto ikaanza kupiga mbio mbio, tik-tik-tik-tik, ya kulia iko sawa kabisa. Trafiki akanisimamisha akasema huku nyuma kushoto taa haionekani vizuri. Hapo nikaogopa kweli, kwasababu hii barabara yetu malori hayaishi mchana na usiku, na boda anapenda kupenya hapo hapo kushoto wakati wewe unataka kutoka kando ushushe abiria, asipoona taa unamgonga.

Fundi wa kwanza hata hakufungua taa, alisikiliza tu akasema boss flasha imekufa, yaani kile kidude kinachowasha na kuzima indiketa. Nikatoa 40,000 akaweka mpya, tukawasha, bado mbio.

Jioni nikamwambia jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ya Mombasa miaka mingi. Akaniuliza, "Kijana wangu, hii gari iko na flasha ngapi?" Nikamwambia moja. "Na kulia inafanya?" Inafanya mzee. "Sasa itakufa aje upande mmoja?"

Hilo swali ndo lilinifungua macho. Nikachukua simu nikahesabu sekunde 15, kulia iliwaka mara 21, kushoto mara 43, yaani 84 na 172 kwa dakika. Kawaida inatakiwa kati ya 60 na 120 kwa dakika, kwahivyo kulia iko sawa, kushoto imepitiliza.

Mzee akanieleza. Zamani flasha ilikuwa na kibati ndani cha vyuma viwili vilivyoshikana, umeme ukipita kinapata moto kinajikunja, umeme unakatika, kikipoa kinarudi taa inawaka tena, na kwa flasha hiyo balbu moja ikiungua inaenda polepole au inaganda tu. Hizi za sasa za elektroniki zinapima umeme unaopita. Balbu ya mbele wati 21, ya nyuma wati 21, kwa volti 12 ni kama ampia 3 na nusu pamoja. Ikiona umeme umepungua inajua kuna balbu haifanyi, ndo inakimbiza ili dereva asikie. Yaani ile flasha niliyotoa ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, inanipigia kelele nikaangalie taa!

Asubuhi nikafungua taa ya nyuma kushoto. Balbu nzima, uzi wake haujakatika, nikaihamishia kulia ikawaka safi. Nikarudisha kushoto, na hapa ndo niliona kitu: nikiweka indiketa, ile taa nyekundu ya usiku nayo inapepesa kidogo kidogo pamoja na indiketa, hafifu kama mshumaa. Mzee alipoona akasema hiyo ni ethi, ule waya wa kurudisha umeme kwa bodi ya gari. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwa bodi unatafuta njia kupitia balbu zingine, unafika umechoka, na flasha inadhani balbu hakuna.

Tukafuata ule waya mweusi wa ethi mpaka pale umefungwa na bolti ndani ya buti. Kutu kijani na nyeupe, maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwa raba ya mlango. Nikatoa betri terminali, nikafungua bolti, nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikasafisha soketi ya balbu pia, nikakaza, nikapaka grisi juu. Kuwasha, tik... tak... tik... tak, sawa na kulia.

Kuna mwenzangu kwa steji alisikia hii akafikiri yake ni kama hiyo, kumbe yeye aliweka balbu za LED. Hizo zinakula umeme kidogo sana kwahivyo flasha ya kawaida inakimbia hata kama kila kitu ni kizima, yake ilitaka flasha ya LED tu. Wengine wanafunga rezista, kidude cha kula umeme ili flasha idhani ni balbu ya kawaida, lakini hiyo inapata moto sana, usiiweke karibu na plastiki, ifungwe kwa chuma.

Ile flasha mpya nimeiacha kwa gari, ya zamani iko kwa dashibodi kama spea.