Siku tatu za kulitafuta kaburi la mama yake nyanya

Mtu asikwambie kwamba ukishakwenda Israeli na basi la vijana umemaliza kuitafuta asili yako. Niliambiwa hivyo na watu wazima ninaowaheshimu. Nilikwenda kweli, nikiwa na miaka 22, ile safari ya Taglit ya siku kumi ambayo kijana wa Kiyahudi hailipii. Tulipanda Masada, ngome ya kale mlimani, kabla jua halijatoka, tukaugusa Ukuta wa Magharibi, tukatoka Yad Vashem, makumbusho ya Wayahudi waliouawa na Wanazi, basi zima kimya. Niliipenda safari ile. Lakini nilirudi Nairobi na swali lile lile ambalo nyanya yangu alikufa nalo: mama yake amelala wapi?

Nyanya alizaliwa mwaka 1930 mjini Breslau, wakati huo Ujerumani. Mama yake alifariki Januari 1931, nyanya akiwa bado ananyonya. Mwaka 1939 baba yake alimpandisha meli, wakashuka Mombasa, wasirudi tena. Vita vilipoisha mji ukawa wa Poland, Wajerumani wakaondolewa, ukaitwa Wrocław na mitaa ikapewa majina mapya. Anwani aliyoikariri nyanya hadi uzeeni haimo katika ramani yoyote ya leo.

Nikaamua kwenda Wrocław mwenyewe. Tiketi, viza na bima vilinimeza kama shilingi laki moja na nusu, labda zaidi.

Kilichoniudhi ni ushauri. "Makaburi ya Wayahudi yako mtaa wa Ślężna, ni hayo tu," alinihakikishia mtu mmoja anayetembeza watalii. Nikapoteza siku mbili nzima pale! Ni mahali pazuri, sikatai. Yalifunguliwa 1856 na leo ni makumbusho; mimea inayotambaa imefunika mawe, na baadhi ya mawe yana matundu ya risasi tangu mji ulipozingirwa mwaka 1945. Nilisimama mbele ya kaburi la Ferdinand Lassalle, mwanasiasa wa kisoshalisti wa Ujerumani, nikaendelea safu kwa safu nikifunua majani kwa mikono. Jioni ya pili mzee mmoja mtunzaji alinihurumia, akaniuliza swali ambalo yule wa watalii hakuliuliza: "Alikufa mwaka gani?" Nikamjibu. Akatikisa kichwa. Tangu 1902 kuna makaburi mengine, barabara ya Lotnicza, magharibi mwa mji. Kwa hiyo wewe anza na mwaka wa kifo, mji baadaye.

Siku ya tatu nilipanda tramu asubuhi. (Usiende Jumamosi, ni Sabato.) Na hapa ndipo ninapojisifu. Mawe mengi kule yalikuwa na herufi za chuma kwa Kijerumani, zimeng'olewa zamani, yamebaki matundu tu. Chini yake kuna Kiebrania kilichochongwa, nacho kimelika kwa mvua hadi ukikitazama moja kwa moja unaona jiwe tupu. Nikakumbuka bweni. Majina ya wanafunzi wa zamani yaliyokwaruzwa kwenye madawati tuliyasoma usiku kwa kulaza kurunzi ubavuni, mwanga ukapita juu juu na kila mkwaruzo ukatoa kivuli. Nilikuwa na kioo kidogo cha kunyolea. Nikakibana katika panda ya mti mahali jua lilipopenya, nikakigeuza taratibu mpaka mwanga ukalilamba jiwe kutoka pembeni. Herufi zikainuka kama zimechongwa jana!

Niliufanya mchezo huo mawe ishirini na kitu. Nilitafuta mwaka kwanza, maana kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya namba na mwaka wa kalenda ya Kiyahudi huandikwa kwa herufi: tav ni 400, resh 200, tsadi 90, alef 1. Jumla 691, maana elfu huachwa, yaani mwaka 5691, unaoanza vuli ya 1930. Jiwe lenye herufi hizo nne nililipata kabla ya saa sita. Chini ya mwaka, mwezi wa Shevat, ambao mwaka ule ulianza Januari. Juu yake, jina lake la Kiebrania na "binti wa" fulani, sawasawa na alivyoandika mumewe katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha sala alichokuja nacho nyanya. Bila ukurasa ule nisingelitambua, kwa kuwa jina la Kijerumani tulilolijua nyumbani halikuwemo. Jina lenyewe sitaliandika hapa, ni la kwetu.

Niliweka juu ya kaburi, kwa desturi yetu, kokoto niliyoitoa bustanini kwa nyanya. Nikataka kusema Kadishi, sala ya kuwakumbuka wafu, nikashindwa, maana kwetu inahitaji wanaume kumi wa Kiyahudi na nilikuwa peke yangu. Nikasoma Zaburi, nikalia.

Shevat iliyofuata, mwezi aliofariki, niliingia sinagogi letu la Nairobi, ambalo kwa miaka nilikuwa nalipita tu kwa matatu. Tulikuwa tisa. Tulingoja karibu nusu saa mpaka akafika mgeni wa kumi aliyekuwa njiani kwenda uwanja wa ndege, nikaisema Kadishi. Sasa Ijumaa mchana wazee wakiona hesabu haitatimia hunipigia simu, nami hutoka kazini mapema.