Uji mzito aliokuwa akiutema: nilivyoutatua kwa kimea

Mwanangu alipotimiza miezi 6 alianza uji, huku akiendelea kunyonya. Baada ya muda mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ukalala. Uji mwepesi ni maji matupu kwa tumbo dogo namna ile, mzito akautema.

Mama mkwe, mtu wa Singida, ndiye aliyenikumbusha kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi mpaka uchipue. Anika juani hadi ukauke kabisa, pukuta machipukizi na vijizizi, kisha saga. Usikaange, maana moto mkali huua kile kinacholainisha wanga. Mtama siushauri hapa: machipukizi yake yana sumu.

Nikapika uji mzito wa mahindi, karibu na ugali laini. Nikauepua, nikauacha upoe kidogo, nikatia kijiko cha kimea na kukoroga. Dakika chache tu ukalegea, unga ukiwa uleule! Nikaurudisha jikoni uchemke tena, kwa ajili ya vijidudu.

Mwishoni natia karanga zilizopondwa laini au unga wa dagaa. Karanga nachambua moja moja, zenye ukungu natupa. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mtoto haonjeshwi hatari hiyo.

Sasa anamaliza kikombe, mara 3 kwa siku, na mstari wa kadi unapanda.